Kengele ya Bi Mwanawema

Kifaa cha Safaa kiliweza kuihisi mvua kabla haijafika, lakini shangazi yake, Bi Mwanawema wa Wingwi, alikuwa amekifunika ndoo.

Safaa alikuwa mwanafunzi wa uhandisi. Alikitengeneza kwa mihula miwili ili kuwaokoa wanaoanika karafuu, na kesho yake mhadhiri wake angevuka kutoka Unguja kuja kukiona kikitumika. Kisipotumika, mradi ungefutwa.

"Shangazi, mbona umekifunika?"

"Kinawaka kijani, mwanangu, rangi ya chama cha wenzetu. Watu washaanza kunipa pole, wanadhani nimehama chama."

Safaa akabadilisha taa, ikawa nyekundu. Kabla ya adhuhuri Mzee Nyange, shemeji yake Bi Mwanawema, alipita, akaitazama, akauliza kwa upole mkutano wa hadhara wa chama cha rangi hiyo ungeanza saa ngapi. Taa ikang'olewa. Kikabaki king'ora. Kilipojaribiwa, wanaume wa mtaa, ambao hawajayasahau magari ya askari ya msimu wa kura, walitokomea mikarafuuni, mmoja akiwa bado na povu la sabuni kichwani.

Ndipo Safaa alipoketi jamvini, akauliza swali ambalo kwa mihula yote miwili aliiuliza kompyuta yake peke yake.

"Shangazi, mvua ikija, hasa unapata tabu gani?"

"Mvua naiona, macho ninayo. Tabu ni majamvi yote haya na mikono miwili. Zamani nikimwita Mwatima hapo jirani, tukianua pamoja."

"Na sasa?"

"Tangu uchaguzi nimeapa simwiti. Na yeye kaapa haji mpaka aitwe."

"Na akija mwenyewe?"

"Nimfukuze, kwani nimelelewa porini? Kuja aje. Kumwita ndiyo sitomwita."

Jioni ile Safaa alikitoa kihisio cha mvua, fahari yake yote, akaweka kitufe kimoja na mlio wa kengele ya baiskeli, chombo ambacho hakijapata kugombea jimbo lolote. Spika akaielekeza dirishani kwa Bi Mwatima.

Mhadhiri alifika pamoja na wingu. Matone ya mwanzo yalipodondoka, Bi Mwanawema alibonyeza kitufe. Bi Mwatima akatokea mbio, kanga kaifunga kiunoni, akashika ncha ya jamvi.

"Sikuja kwako," alisema. "Nimeitwa na chombo."

"Wala mie sikukuita. Vuta upande wako, zinarowa."

Mhadhiri aliuliza kifaa kimeitabiri mvua dakika ngapi kabla.

"Hakitabiri chochote," alijibu Safaa, akikunja jamvi. "Tafadhali, mwalimu, shika ile ncha."

Jamvi la mwisho lilipoingia barazani, Bi Mwatima alimgeukia Safaa.

"Na mie nitilie changu. Karafuu ninazo, na kiapo ninacho vilevile."

Mhadhiri, ambaye katika miradi yote aliyoisimamia hakuwahi kumsikia mtu akiomba kifaa bila kushawishiwa, alikamua suruali yake na kuuacha mradi uendelee.