Chumba Namba Nne kwa Mzee Nkwabi

Mimi Mama Limi ni dalali wa vyumba hapa Masumbwe, na mdomo wangu hauna asali. Wenzangu kwenye grupu la WhatsApp wanaandika "chumba kizuri, mazingira tulivu," ukifika unakuta choo hakina mlango na jirani ni karasha la kusaga mawe. Mimi naandika yote. "Wapangaji tisa, choo kimoja, asubuhi kuna foleni. Maji ya kisima, yana chumvi. Umeme wa Luku mnachanga, na Martina wa chumba namba mbili hachangi mpaka agombezwe." Watu wanacheka, lakini mpangaji wangu hahami baada ya wiki mbili.

Sentensi moja tu ndiyo niliyowahi kuificha.

Ni ya chumba namba nne, kwa Mzee Nkwabi. Nyumba ile imejengwa juu ya duara la zamani, shimo la wachimbaji lililofukiwa baada ya kifusi kuanguka na watu kushindwa kumtoa mwenzao mmoja. Kila siku saa kumi jioni, jua bado kali na watoto wanacheza uani, chini ya sakafu ya chumba hicho kunagongwa. Kwa. Kwa. Kwa. Chuma juu ya mwamba. Nilisikia mwenyewe nilipokwenda kukikagua, nikatoka na kandambili moja.

"Hilo usiliandike, Mama Limi," Mzee Nkwabi aliniomba. "Wamekaa humo wawili, mwalimu na muuza mitumba, wote walisema ni panya."

Nikaona haidhuru. "Wabeja," akanishukuru, nami nikajiona mtu mwema.

Kisha akapiga simu Edson, kijana wa Runzewe.

"Shikamoo mama. Nimeona tangazo lako la kwa Mzee Nkwabi. Nilikuwa mchimbaji, nimeacha. Mwaka jana kifusi kilimfunika mwenzangu, nikamsikia akigonga siku mbili nzima, sikumfikia. Sasa natafuta mahali nisisikie nyundo. Kuna kitu hukuandika?"

"Marahaba. Hakuna kingine, mwanangu," nikasema.

Mungu anisamehe, maana mimi ni mjane wa mchimbaji, mila yao naijua. Aliyefukiwa hugonga mwamba mara tatu. Anayemsikia hujibu mara tatu. Akishajibu amejifunga: haondoki pale mpaka amtoe mwenzake, mzima au maiti. Mwalimu akisikia mlio ule atasema panya. Mchimbaji mkono wake unajibu kabla kichwa hakijafikiri.

Siku ya tatu tangu ahamie nikakosa raha kabisa, nikaenda. Nilimkuta Edson ameketi sakafuni, shati limelowa jasho, kitanda amekisogeza ukutani. Mkononi ana moko, ile patasi ya kuchongea mwamba. Sijui alikoiazima.

"Edson, toka humu! Nitakutafutia chumba kingine leo hii. Godoro nitakubebea mwenyewe."

"Nimeshajibu, mama."

"Umejibu nini? Si panya hao!"

Alinitazama kwa huruma, mimi niliyemdanganya. "Panya hawahesabu, mama. Huyu anagonga mara tatu, anasubiri. Safari hii siondoki."

Nilimvuta mkono, nikalia, nikamtukana mpaka Martina akaja kuchungulia. Wapi! Hakuinuka.

Kesho yake mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo la ndani. Tukauvunja. Kitanda kipo, viatu vipo, vimepangwa vizuri. Saruji ya sakafu ni nzima, haina hata ufa. Mzee Nkwabi aliipapasa yote kwa viganja. Edson hakuwemo, wala moko haikuwemo. Polisi walikuja, wakaandika, wakaondoka. Saa kumi tukiwa bado tumesimama pale, kukagongwa. Mkono mmoja, taratibu. Na kabla haujamaliza, mkono wa pili, wenye nguvu na haraka.

Niliandika tangazo upya palepale uani, sikumwomba mtu ruhusa. "Chumba namba nne kwa Mzee Nkwabi. Chini yake kunagongwa kila siku saa kumi jioni. Alikuwa anagonga mmoja, sasa wanagonga wawili. Mpangaji wa mwisho alijibu, hajaonekana tena. Mimi nilijua, sikumwambia." Nikatuma kila grupu. Msema kweli mpenzi wa Mungu. Nikajua sasa hakuna atakayekisogelea.

Robo saa haikupita, simu ikaita.

"Shikamoo mama. Naitwa Chacha, nachimba huku Geita. Hao wawili, wakishagonga wananyamaza kusubiri?"

"Wananyamaza," nikasema, mjinga mimi.

"Basi wako hai. Usimpe mtu hicho chumba, mama. Natafuta gari sasa hivi." Nikamsikia anaita wenzake, mmoja, wawili, watatu.

Kumbe kweli yangu nimeipeleka kwa watu walewale wasioweza kuikataa.

"Umechelewa," nikamwambia. "Kimeshapangwa."

"Na nani?"

"Na mimi."

Huo ulikuwa uongo wangu wa pili juu ya chumba kile. Jioni ileile nikaugeuza kweli. Nilifuta tangazo, nikabeba godoro, nikahamia.

Huu ni mwezi wa nne, na mlango huu sijamfungulia mchimbaji yeyote. Saa kumi ikikaribia nafunga mlango, naketi sakafuni, naukalia mkono wangu wa kulia. Yule wa zamani anagonga polepole, ameshazoea. Edson anagonga haraka, kisha ananyamaza, ananisubiri. Namwambia, "Nisamehe, mwanangu." Hilo silo jibu analolitaka. Anagonga tena, na mkono wangu, mkono wa mke wa mchimbaji, unacheza chini ya paja langu.