Mbeleko ya Lasmi

Mdogo wangu Ratri alipokuja na habari kwamba amekubaliwa kusomea uzamili wa historia ya mkoa kule Yogyakarta, nilimuuliza mkoa gani.

"Huu wetu, kaka. Huu huu."

"Huu wetu uko chini ya maji."

"Ndiyo maana."

Mimi nafuga sato kwenye vizimba, juu ya kijiji cha Sendangwuni. Nikisema juu, nina maana ya juu kabisa. Kijiji kimelala chini ya bwawa, na vizimba vyangu vinaelea pale ambapo, kwa maelezo ya mama, palikuwa na soko. Bwawa lilipojengwa watu walihamishiwa mlimani, na huko ndiko nilikozaliwa mwaka uliofuata. Sikuona sababu ya mtu mwenye akili zake kulipa ada ili aende kuulizia kilichozama. Lakini pikipiki ni yangu na Ratri ni wangu, kwa hiyo mimi ndiye niliyemzungusha kwa wazee na kinasa sauti chake, nikinung'unika njia nzima.

Mama ndiye aliyevimba kichwa. Hakusoma zaidi ya darasa la pili, lakini kila muuza tempe za soya aliyepita mlangoni aliambiwa kwamba binti wa nyumba hii anaiandika Sendangwuni, na kwamba mle ndani atakuwamo Lasmi.

Lasmi alikuwa dada yetu wa kwanza. Alikufa kwa homa akiwa na miaka mitatu, kabla yetu sote, akazikwa huko chini. Maji yalipoanza kupanda, watu walifukua makaburi yao na kuhamisha mifupa. Mama akasema haondoki bila mtoto wake. Majirani waliondoka, maji yakaingia jikoni, naye yuko kitandani amekunja miguu. Baba akatoka, akarudi jioni na kifurushi cha sanda. Mama akakifunga kwa mbeleko ubavuni, kama watoto wanavyobebwa kwetu, akapanda nacho mlima kwa miguu na hakukubali mtu yeyote ampokee. Kaburi dogo likachimbwa nyuma ya kijiji kipya, na mahali pa pembeni yake mama akajiwekea mwenyewe.

Kila mwezi wa Ruwah, kabla ya mfungo, tulipanda kufagia makaburi na kunyunyiza maua: waridi, asumini na langilangi. Mama alikaa na Lasmi kuliko wafu wengine wote. Alimpa habari za mwaka mzima, mchele umepanda bei, Ratri amefaulu, mimi bado sijaoa na wanawake wananikimbia kwa harufu ya samaki. Nilikuwa nasengenywa kwa marehemu mbele ya macho yangu. Baba, enzi za uhai wake, hakupanda nasi hata mara moja. Alishuka bwawani peke yake na kikapu chake cha maua, akayamwaga majini. Tulidhani anawakumbuka wazazi wake. Mama alimwita mvivu wa milima.

Mzee wa mwisho tuliyemhoji alikuwa Mbah Sukiran, yaani Babu Sukiran, aliyekuwa kwenye kundi la wafukuaji wa makaburi. Macho yalikuwa yamekwisha, ila ulimi ulikuwa mzima. Ratri alimuuliza kazi ilikwendaje.

"Upande wa magharibi tuliumaliza. Wa mashariki hatukuuwahi. Maji yalitutangulia."

"Mbah, dada yetu alizikwa mashariki," Ratri akasema.

"Najua."

Mimi nilikuwa natafuna kitumbua cha apem, nikaacha.

"Baba yenu alinililia palepale," mzee akaendelea. "Mkewe yuko ndani na maji yamefika magotini. Nikamkatia gogo la mgomba. Tulilipima mikononi, yeye na mimi, tukalipunguza, tukalipima tena, mpaka akasema, ndiyo, huu ndio uzito wake. Tukalivika sanda. Mlitaka tufanyeje, wajukuu zangu? Angezama yule. Nyinyi mngezaliwa na nani?"

Ratri akazima kinasa sauti. Tulipofika kwenye pikipiki nikamwambia, "Hiyo huiandiki."

"Sura nzima ya makaburi imesimama hapo, kaka."

"Basi ianguke."

"Nikiandika kwamba alihamishwa, nitakuwa nimeandika uongo."

"Andika. Baba alidanganya kwa gogo, ndiyo maana wewe ulizaliwa na hapa una ulimi wa kusema."

Baadaye aliniambia ameiandika bila majina, mama mmoja, baba mmoja, mtoto mmoja. Nikasema afadhali. Wakati huo mama alikwisha kuwa mgonjwa wa figo, miguu imevimba, na daktari alituambia tusitarajie mengi. Alichokuwa akikitaja kila siku ni pale mlimani kando ya Lasmi. Alipataja bila woga, kama mtu anayetaja chumba chake.

Ruwah ilipokaribia, Ratri alikuja na rasimu ya tasnifu. Mama akataka asomewe.

"Nisomee pale pa Lasmi."

Ratri akasoma kuhusu mahindi, kuhusu soko, kuhusu amri ya kuhama. Akafika kwenye makaburi, akafunua karatasi mbili pamoja.

"Umeruka," mama akasema.

"Sijaruka, Mama."

"Nimekulea mimi. Ukidanganya unameza mate. Kuna nini juu ya mwanangu?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilimtikisia Ratri kichwa, naye aliniona vizuri kabisa. Kisha akamgeukia mama na kumweleza yote, kwa sauti ya chini, bila kupamba na bila kupunguza. Nilitamani kumzaba kibao. Mpaka leo siku nyingine natamani.

Mama hakulia. Aliinua mikono yake miwili akaikinga mbele yake, kama anapokea kitu, akaitazama.

"Lilikuwa na uzito wake hasa," akasema. Akaishusha mapajani. "Miaka yote hii nausimulia mgomba."

"Mama, nisamehe," Ratri akasema.

"Na yeye huko chini hajaambiwa lolote."

Mwaka ule mama hakupanda mlima. Alikuwa na jambo lingine. Kiangazi kikiwa kikali, maji ya bwawa hurudi nyuma na upande wa mashariki wa makaburi huchomoza, visiki viwili vya mikemboja, miti ya maua ipandwayo makaburini, na udongo uliopasukapasuka. Akasema maji yakishuka tumpeleke. Hakutaka kingine. Mtu aliyekuwa akigombana nasi kwa kijiko kimoja cha uji akaanza kula. Dawa alizimeza bila kesi.

Kila asubuhi niliporudi vizimbani aliniuliza, "Yamefika wapi?"

Mvua zilikuwa zinanyesha. Zilipita mwezi wake, zikapita na uliofuata. Bwawa lilijaa hadi ukingoni, vizimba vyangu vikavutana na kamba zake.

"Yanashuka, Mama," nilimwambia. "Polepole."

Ratri alinisikia. Yule yule wa kutaka ukweli uandikwe, alikuwa amekaa pale anamkanda mama miguu, wala hakunisahihisha.

Mwezi Julai mama akawa hawezi tena kuketi. Aliniuliza swali lake. Nje kulikuwa na manyunyu, nikaongeza sauti nisiyasikie.

"Kisiki kimoja kimeanza kuonekana."

"Kesho basi," akasema. "Mnitafutie na mbeleko yangu."

Alifariki adhuhuri ya siku ile ile. Tulimzika mlimani, pale pake, ubavuni mwa kaburi dogo lisilo na mtu, kwa kuwa hatukuwa na mahali pengine. Watu walisema angalau amelala na mwanawe. Niliitikia. Ratri alilia hadi akabebwa, na mimi sikumwendea. Nasema wazi kwamba sikumwendea. Nilikuwa na hasira naye, na chini ya hasira kulikuwa na kile kisiki.

Alitaka kuacha masomo. Msimamizi wake akamsihi, naye Ratri akaitetea tasnifu, akafaulu. Hakuleta picha ya joho.

Halafu jua likawaka. Kana kwamba lilisubiri mwenye haja aondoke kwanza, lilikausha bwawa hadi Oktoba vizimba vyangu vikakaa juu ya matope. Upande wa mashariki ukatoka wote. Ungeweza kutembea pale na kandambili, hata na mgonjwa kwenye kiti.

Nikampigia Ratri. Alikuja kwa basi la asubuhi. Tulimbeba Mbah Sukiran hadi kwenye visiki, akavua viatu, akapapasa ardhi kwa nyayo, akatuambia tuchimbe baina ya visiki viwili, karibu zaidi na kile kikubwa.

"Mbah, una uhakika?" nilimuuliza mimi. Ratri hakuuliza.

"Kiasi," akajibu.

Tukaondoa tope la miaka, kisha nikachimba. Hatukuona mfupa. Mtoto wa miaka mitatu, tope na maji, kingebaki nini? Kwetu mifupa isipopatikana, huchukuliwa udongo wa mahali kichwa kilipolalia. Nikauchota kwa mikono, nikaufunga kwenye kitambaa cheupe. Ratri akatoa mbeleko ya mama kwenye mkoba, akaifunga begani, akanyoosha mikono. Nilimpa.

Akaanza kupanda. Mimi nilifuata nyuma na jembe. Mwanzoni nilidhani anasoma dua. Niliposogea nikasikia anazungumza na kile alichokibeba, kwa sauti ya kawaida. Alikuwa anamweleza Lasmi historia ya Sendangwuni tangu siku aliyoachwa. Amri ya kuhama. Maji jikoni. Baba na gogo, na maua aliyoyamwaga majini kila mwaka, akimwambia yale yalikuwa yako, dada. Akamweleza kijiji kipya, mimi nilipozaliwa, yeye alipozaliwa, bei ya mchele, mwaka baada ya mwaka, hakuruka kitu. Miguu yake ilikuwa imejaa tope hadi magotini.

Kwenye kona ya mwisho, makaburi yakionekana, hadithi yake ilifika kwa mama. Akasimama, amekishika kifurushi kwa mikono miwili, akanitazama.

Nikaweka jembe chini. "Mama alikuwa anakuja, Lasmi," nikasema. "Alikuwa anakula ili aje. Mimi ndiye niliyemwambia maji yameshuka."