Fundi wa Dohani wa Saa Tatu na Nusu

Kwa heshima zote ninazostahili, natangaza kwamba mimi, Henrike Kolbe, mwenye umri wa miaka kumi na sita, ndiye fundi wa dohani mdogo kuliko wote waliowahi kuuhudumia mji wa Elsternbach. Nilianza kazi saa tatu asubuhi, siku ya mwisho ya mwaka, nikastaafu saa sita na nusu mchana. Katika utumishi wangu wote sikusafisha dohani hata moja. Maandazi ya jamu, hata hivyo, nilipokea kumi na mawili.

Vazi nililiazima kwenye stoo ya maigizo ya shule yetu ya bweni. Nasema nililiazima kwa sababu nilikusudia kulirudisha, ingawa mtunza stoo hakupata nafasi ya kuulizwa. Lilikuwa koti jeusi lenye safu mbili za vifungo vya rangi ya dhahabu, kofia ndefu kama dohani yenyewe, na brashi ya duara ya kutundika begani. Masizi nilijipaka mwenyewe kwa kizibo cha chupa kilichounguzwa.

Kwetu, kumgusa fundi wa dohani ni bahati, na siku ya mwisho ya mwaka bahati hiyo huwa maradufu. Watu wazima wenye akili zao timamu humkimbilia barabarani wakazungusha kifungo cha koti lake. Fundi wetu wa kweli, Roswitha Zeidler, husimama katika uwanja wa soko tangu asubuhi kwa kazi hiyo tu. Mimi nikaona kwamba wakazi wa Mtaa wa Juu, walio mbali na soko, wamesahauliwa katika ugawaji wa bahati. Nikajitolea.

Wengi walinitambua. Mwoka mikate alinitazama juu hadi chini akasema, "Henrike, hiyo pua ni ya babu yako hata ukiipaka masizi." Kisha akazungusha kifungo, asije akapitwa, na kunipa andazi. Ndivyo ilivyokuwa nyumba hadi nyumba. Watu walicheka, walizungusha, walinilisha. Sikumdanganya mtu yeyote mpaka nilipofika nyumba ya mwisho.

Humo anaishi Bibi Walburga Hempel, mwenye miaka themanini na mitatu na miwani ambayo huivaa kanisani tu. Alifungua mlango, akaiona kofia, akashusha pumzi.

"Hatimaye. Roswitha amepata mwanafunzi. Ingia, mwanangu, futa miguu. Yote miwili."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema ukweli. Badala yake nilifuta miguu yote miwili.

Sebuleni palisimama jiko la vigae vya kijani, refu kunizidi. Halikuwa limewashwa tangu mumewe, Mzee Gernot, alipofariki, majira mawili ya baridi yaliyopita. Tangu hapo Bibi alijipasha moto kwa hita ya umeme jikoni. Lakini leo mwanawe alikuwa anakuja na wajukuu wanne, na wote watalala sebuleni humo, mbele ya jiko. Magodoro yalikuwa yameshatandikwa. Kuni zilikuwa zimeshapangwa ndani, na gazeti chini yake.

"Roswitha alibandika karatasi mlangoni mara mbili, kwamba anakuja kukagua," Bibi aliniambia kwa sauti ya chini, kama anayetubu. "Mara zote mbili nilizima taa nikajifanya sipo. Jiko silitumii, sasa asafishe nini? Aje animwagie masizi kwenye zulia bure? Lakini leo nikasema, watoto wakilala humu, afadhali mtu wa kazi aangalie kwanza."

"Umefanya la busara, Bibi," nilisema kwa sauti ya mkuu wetu wa shule anapofungua muhula.

Nikafungua kimlango cha jiko, nikaingiza kichwa, kofia ikagoma. Nikakitoa. Nikagonga vigae mara tatu kwa kidole, kama daktari anavyogonga kifua cha mgonjwa, kisha nikainamisha sikio.

"Vipi?" akauliza.

"Bibi, dohani hii ina afya kuliko mimi."

Alifurahi mpaka akanishika mikono yote miwili. Alizungusha vifungo vyangu vitatu, kimoja chake na viwili vya wajukuu mapacha, akanijazia mfuko maandazi matano. "Basi nawasha saa saba kamili," alisema. "Vigae vinataka saa mbili kushika moto, na watoto wanafika saa tisa."

Nikavuka barabara, nikaketi juu ya ukuta mfupi ili nile matunda ya kazi yangu. Nilipouma andazi la kwanza niliinua macho. Juu ya dohani ya Bibi Walburga walikaa kunguru wawili, wale wadogo wenye shingo za kijivu. Mmoja akaingia ndani ya dohani. Nilingoja atoke. Hakutoka. Ndipo nilipoona vijiti vimechomoza pale juu, vingi, kama nywele za mtu aliyeamshwa kwa nguvu.

Mimi huwa nasinzia kipindi cha fizikia, lakini hata mimi najua moshi hauwezi kutokea mahali ambapo kunguru ameshahamia na samani zake. Tena mwaka jana watu wa zimamoto walikuja shuleni, na siku hiyo sikusinzia. Walisema moshi unaoonekana angalau unakuamsha. Kinachoua ni gesi isiyo na rangi wala harufu. Unaumwa kichwa kidogo, unalala, basi. Nikayakumbuka magodoro manne.

Jamu ikakosa ladha. Nikarudi mbio kugonga mlango.

"Bibi, usiwashe kwanza. Nimesahau kuangalia kitu kimoja."

Akanitazama mikononi. "Maandazi yameisha?"

"Hapana, Bibi, ni dohani."

"Dohani umeshaipima mwenyewe, ukasema ina afya. Ninyi vijana wa siku hizi mnakagua, mnakula, mnataka kukagua tena ili mle tena. Nenda, mwanangu. Heri ya mwaka mpya." Akafunga mlango kwa upole.

Mtu jasiri angegonga tena na kupaza sauti, "Mimi si fundi." Mimi nilikimbilia sokoni. Saa ya kanisa ilionyesha saa saba kasoro robo.

Roswitha Zeidler ni mwanamke mpana mwenye kicheko cha kuita ng'ombe. Nilimkuta katikati ya umati, kila kifungo chake kikiwa na mkono wa mtu, na bendi ya mji ikipiga tarumbeta nyuma yake. Aliponiona alivua kofia na kunipigia goti.

"Karibu, fundi mwenzangu. Biashara inakwendaje huko juu?"

Umati ukacheka. Nikamsogelea sikioni. "Bibi Walburga ana kunguru kwenye dohani. Na anawasha jiko saa saba."

Kicheko kikakatika kama maji ya bomba. "Nani kamwambia awashe?"

"Watu," nikasema. "Watu wanaongea."

Hakuuliza zaidi. Alichukua mkoba wake wa kazi na waya wake mrefu wenye brashi na tufe la chuma, akaanza kukimbia. Sasa, kuna watu thelathini waliokuwa wamepanga foleni tangu asubuhi na hawajagusa kifungo. Hao hawakuwa tayari kuiona bahati ya mwaka mzima ikikata kona. Wakamfuata. Bendi nayo ikafuata, kwa sababu hakuna aliyeiambia iache kupiga. Mtaa wa Juu ukajaa tarumbeta, mbwa, na akina mama wenye vikapu, wote wakimkimbiza mwanamke mmoja mwenye kofia ndefu, na nyuma yao mimi na kofia yangu.

Kengele ya saa saba ililia tukiwa mlangoni. Roswitha hakugonga. Bibi Walburga alikuwa amepiga magoti mbele ya jiko, njiti ya kiberiti inawaka mkononi.

"Bibi, puliza hiyo."

Bibi akapuliza, kwa mshangao zaidi kuliko utii. "Roswitha, miguu yako. Zulia."

"Zulia nitalifua mwenyewe. Juu ya dohani yako kuna kiota."

"Haiwezekani. Jiko halijawashwa miaka miwili."

"Ndiyo sababu," Roswitha alisema, akiketi kwenye godoro kuvuta pumzi. "Dohani inayowaka ndege anaiogopa. Iliyopoa anaiona nyumba. Kila mwaka mtu anakuja kuangalia, Bibi, uwashe usiwashe. Na ikikaa bila moto, ndiyo kabisa usiiguse kabla sijaipitia. Ungewasha leo, gesi ingerudi humu humu, juu ya watoto."

Bibi Walburga alishika ukingo wa kiti. "Lakini mwanafunzi wako amekagua."

Roswitha akageuka taratibu kuelekea mlangoni, ambako nilikuwa najitahidi kujificha nyuma ya mpiga tarumbeta. Ushauri wangu kwa wanaotaka kujificha: msivae kofia ndefu.

"Mwanafunzi wangu," akasema kwa upole mkubwa. "Naam. Njoo, mwanafunzi wangu. Shuka chini ya nyumba, kuna kimlango cha masizi. Kifungue upokee."

Yeye alipanda darini na waya wake, mimi nikashuka na ndoo. Sitaeleza sana yaliyonipata huko. Vilianza kushuka vijiti, kisha manyoya, kisha sufu ya kondoo, kisha soksi ya mtoto, kisha kijiko cha chai. Mwishowe yalikuja masizi ya kweli, magumu na yenye kung'aa kama lami, yale ambayo Roswitha alisema yangeweza kushika moto yenyewe ndani ya dohani. Nilijaza ndoo saba. Kila ndoo niliyopandisha, umati uliokuwa nje ulipiga makofi na bendi ikapiga mlio mmoja. Nilipotoka na ya saba, hakuna aliyekumbuka kizibo changu kilichounguzwa. Nilikuwa mweusi kwa haki.

Roswitha alipitisha taa na kioo kidogo akitafuta nyufa, hakuona. Akashika mshumaa mbele ya kimlango cha jiko. Mwali ukalala kuelekea ndani, kama unaovutwa na mtu.

"Sasa inapumua," akasema. "Washa, Bibi."

Wajukuu walipofika saa tisa, vigae vilikuwa vimeanza kuwa vuguvugu, sebule imejaa watu wasiowajua, na mpiga tarumbeta anakula supu ya dengu jikoni. Mdogo kabisa, Lorchen, alilikumbatia jiko kwa mikono yote miwili na kukataa kuvuliwa koti. Bibi Walburga alinikalisha kiti cha Mzee Gernot, masizi na yote, juu ya gazeti.

"Mtoto huyu," aliwaambia wote, "alirudi mwenyewe kuniambia nisiwashe, nikamfukuza. Mwanafunzi mwangalifu hivi sijapata kuona."

Watu wakanywa kwa jina langu. Nikafikiri kwamba huenda mambo yakaishia hapo, na kwa kweli nilianza kuamini maneno yake.

Ndipo Roswitha alipotoa kwenye mkoba karatasi ya ukaguzi na kalamu. Katika nchi yetu hakuna dohani iliyokaguliwa mpaka karatasi iseme hivyo.

"Ukaguzi wa pili nimeujaza," akasema. "Ule wa kwanza, wa saa sita, lazima aujaze aliyeufanya. Mimi nitaandika, wewe sema. Jina la mkaguzi?"

"Henrike Kolbe," nikasema.

Bibi Walburga aliingiza mkono mfukoni akatoa miwani yake ya kanisani.

"Kifaa kilichotumika?"

"Kidole."

"Sehemu zilizokaguliwa?"

Bibi alikuwa ameshavaa miwani, ananitazama pua.

"Hakuna," nikasema. "Bibi, mimi si mwanafunzi wa mtu yeyote. Ni mjukuu wa Kolbe wa kule chini. Dohani yako sikuiona hata inchi moja. Nilisema ina afya kwa sababu niliona sahani ya maandazi nyuma yako, na niliporudi sikukuambia ukweli kwa sababu niliona aibu."

Roswitha aliandika yote, neno kwa neno, kisha akanigeuzia karatasi nitie sahihi.