Gundi Haijakauka

"Gundi haijakauka," nilimwambia shemeji, na uongo ule ukanitoka laini kama salamu.

Ilikuwa Jumapili asubuhi, naye amesimama mlangoni na kofia yake mkononi. Akaguna. "Gundi gani hiyo, shemeji? Ya kujengea daraja?" Kisha akavuta kigoda, akakaa, nami nikapata nilichokitaka: mtu wa kuongea naye mpaka alasiri.

Ndege yake ya kuchezea ilikuwa chumbani juu ya kabati, nzima, nimeifunika shuka. Nilimaliza kuitengeneza wiki moja tu baada ya kuivunja.

Tulikuwa wazee wawili wenye mchezo wa watoto, wala hatukuona haya. Ndege za rimoti, urefu wa mkono, kila moja na utepe wa karatasi mkiani. Unamfukuza mwenzako angani mpaka propela yako imkate utepe. Mara nyingi tulikatana mabawa. Vipuri vya dukani hatukuvigusa, bei zake zilikuwa matusi. Bawa tulilichonga kwenye lile povu jeupe linalokuja na televisheni mpya ndani ya katoni, tukalichomeka njiti za mianzi ili lisipinde, tukazungushia selotepu. Yeye alikuwa fundi wa feni na redio, mimi fundi viatu. Mara ya kwanza kumtengenezea nilipaka gundi yangu ya viatu, na mbele ya macho yangu povu likaliwa, likabaki shimo la kupitisha ngumi. Marehemu mke wangu, dada yake, alicheka mpaka akakaa chini. "Umemmaliza kaka yangu," akasema.

Sheria zetu zilikuwa mbili. Aliyevunja ndiye anayetengeneza. Na akishamaliza anaandika tarehe kwa penseli chini ya betri, ili ikikatika tena palepale ijulikane nani alilipua kazi.

Mke wangu alipofariki, shemeji aliendelea kuja. Lakini macho yake yalianza kuchoka. Siku ndege zetu zilipogongana uso kwa uso, tukiwa tumeinama tunaokota vipande kwenye majani, alisema, "Tutengeneze, turushe mara ya mwisho, basi. Utepe siuoni tena." Akabeba yangu, nikabeba yake.

Nilirudi nyumbani na hofu, nasema kweli. Dada yake hayupo, ndege nazo zikiisha, angekuja kwangu kufuata nini? Nyumba ilikuwa kimya, hata kijiko kikianguka nilishtuka. Ndiyo maana gundi yangu haikukauka miezi minane.

"Na yangu je?" nilimuuliza kila Jumapili.

"Aa, yako iliumia vibaya. Bado naibembeleza."

Nami nikamtania: mvivu wewe, ndiyo maana feni za watu zinaozea kwako. Akacheka, akajiongezea chai.

Presha ilimchukua Jumanne moja akiwa kazini, bisibisi mkononi. Baada ya mazishi nilikaa Jumapili tatu nikiutazama mlango kama mjinga. Ya nne nikasikia hodi. Alikuwa binti yake, amebeba katoni.

"Anko, nimeikuta hii karakana kwa baba. Nadhani ni yako."

Ilikuwa nzima. Bawa limenyooka, kiungo hukioni hata ukipapasa, na utepe mpya umeshafungwa mkiani. Nikafungua kifuniko, nikatoa betri. Ile penseli yake nene ilikuwa pale. Tarehe ilikuwa ya siku nne baada ya kugongana.

Siku nne! Mimi nilichukua wiki nzima. Kumbe miezi yote ile mzee yule alikaa kwenye kigoda changu ananidanganya, nami namdanganya, chai inakwisha. Laiti mmoja wetu angesema tu kwamba anaziogopa Jumapili bila mwenzake. Nililia mbele ya mtoto wa watu, sikuficha.

Alingoja mpaka nikanyamaza. Kisha akauliza taratibu, "Na ya baba iko kwako, Anko? Mama angependa tuiweke nyumbani. Niichukue?"

Nikatazama mlango wa chumbani. Nikatazama kigoda.

"Gundi haijakauka," nikasema. "Pitia Jumapili."