Goti Lililokataa Dawa

Mtu wa kwanza Ifakara kujua kwamba dawa ile haifai kitu alikuwa Wendelin, na alijua kwa goti lake la kulia. Alilipaka siku saba, akainywa siku saba, akashika miiko yote aliyopewa, na siku ya nane goti lilikuwa limevimba kama papai.

Zamani lilikuwa goti la maana. Miaka minane Wendelin alikuwa tarishi wa akida Haidari, mtu wa kukimbiza barua kutoka Ifakara hadi boma la Wajerumani kule Mahenge. Barua ilibanwa kwenye ufito uliopasuliwa ncha, yeye akauinua juu, na kila aliyekutana naye akampisha. Kivukoni alivushwa kabla ya wote, hata kama kuna mgonjwa kalala kwenye mkeka anangoja. Na kubwa kuliko yote, mtu wa ufito hakufanya kazi kwenye pamba ya akida. Wenzake waliinama kule shambani bakora zikiwapitia, yeye akapita njiani mbio na kuwapungia mkono. Walimchukia kidogo kwa hilo. Alijua, na hakujali.

Vijana wa Michenga walikuwa na mchezo wao. Mpunga ukishavunwa walijipanga njiani mistari mitatu wamzuie, na atakayeugusa ufito alitengewa mtungi mzima wa pombe. Wendelin aliwapenya wote. Bega lilikwenda kushoto, macho yakaenda kushoto, halafu mguu ukaenda kulia, nao wakabaki wamekumbatiana wenyewe kwa wenyewe. Miaka minane pombe ile waliinywa wale walioipika.

Mwaka wa vita, mbuga ilipoanza kukauka, alitumbukiza mguu kwenye unyayo wa kiboko ulioganda kwenye tope. Alisikia goti likilia kama ukuni unaovunjika. Akafika Mahenge siku mbili baadaye kuliko alivyotakiwa. Aliporudi, akida hakumpa hata pole.

"Ufito mpe mdogo wako," alisema. "Wewe nenda kwenye pamba."

Mdogo wake ni Fulgensi. Walibatizwa siku moja, mapadre walipokuwa wanatoa nguo, na kila alichojua Fulgensi kuhusu mbio alifundishwa na kaka yake: kuanguka bila kuangusha ufito, kunywa maji kidogo, kudanganya kwa bega. Sasa alipita njiani mbio, na Wendelin ndiye aliyeinama kwenye pamba. Mwanzoni Fulgensi alimpungia mkono. Baadaye aliona vibaya, akaacha.

Ndipo akaja mjumbe wa dawa kutoka upande wa Rufiji, mtu mwembamba mwenye mabua ya mtama kichwani. Alisema maji yake yanageuza risasi kuwa maji, na kwamba Mjerumani na akida wake mwisho wao umefika. Watu walijipanga foleni kwa ajili ya risasi. Wendelin alijipanga kwa ajili ya goti.

"Bwana, na goti linapona?"

"Dawa inayoweza kuzuia risasi itashindwa na goti?" mjumbe alimjibu, na watu wakacheka. "Siku saba. Usimguse mwanamke, usichukue cha mtu."

Alirudi nyumbani akashika miiko kuliko mtu yeyote bonde zima. Siku ya nane, na goti lake la papai, alisimama mbele ya watu akasema, "Jamani, dawa hii ni maji ya mto. Kama imeshindwa na goti, itaweza risasi?"

"Umevunja mwiko," alisema Kelestini, mchonga mitumbwi, jirani yake.

"Sikuvunja."

"Umelala na mkeo."

Digna, mke wa Wendelin, alidakia kwa nguvu. "Amelala na mimi wapi? Siku zote saba nilikuwa kwa mama yangu, ng'ambo ya mto!"

"Basi, shemeji," alisema Kelestini taratibu, "muulize alilala na nani."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Digna alimtazama mumewe, na jioni ile hakuwasha moto. Kila alipokwenda Wendelin hadithi ilimtangulia, na kila alipofungua mdomo walimuuliza jina la huyo mwanamke. Ukweli aliokuwa nao ulikuwa mmoja tu, na umekuwa kichekesho.

Angeweza kuwaacha wafe, kama wanataka kufa wenyewe. Lakini akida alikimbia na mtumbwi, na mjumbe akamchagua Fulgensi kubeba kibuyu cha dawa. Atakimbia mbele ya jeshi lote hadi bomani Mahenge, akiwanyunyizia wenzake maji na kuyamwaga ardhini. Mbele ya wote. Wendelin alikuwa amefikisha barua kwenye boma lile mara zaidi ya mia. Aliijua ile bunduki ya bombomu iliyokaa juu ya ukuta, inayomimina risasi kama mtu anayemwaga mtama. Alishaona ikijaribiwa kwa mbuzi.

"Mdogo wangu, usiende."

"Kaka, nilikuonea huruma ulipopelekwa kwenye pamba," alisema Fulgensi. "Nilikuonea huruma kweli. Lakini hili sasa ni wivu."

"Wivu wa nini? Wa kufa?"

"Wa kutangulia. Umezoea kutangulia wewe."

"Tazama goti hili!"

"Nimelitazama. Wewe ndiye unayejua ulifanya nini siku zile saba."

Wendelin alimwapia kwa Mungu wa mapadre na kwa mizimu ya baba yao. Fulgensi alisikiliza yote, akasema asante, akaenda kuosha kibuyu.

Asubuhi ya safari watu walijipanga pande mbili za njia, na wanaume wa vita, weusi kwa masizi, wakakaa nyuma. Ilikuwa lazima mbeba dawa apite katikati yao mbio, peke yake, ndipo jeshi limfuate. Mwisho wa mstari, njiani kabisa, alisimama Wendelin akiwa ameegemea mpini wa jembe aliokuwa anatembelea.

"Mpisheni mzee aone!" mtu alipiga kelele. "Leo hajipangi kwa ajili ya goti!"

Fulgensi alikuja. Alikimbia vizuri, na hata siku ile, hata kwa hasira, moyo wa Wendelin ulifurahi kuona mgongo ulivyonyooka na kibuyu kisivyotikisika. Alimwona kaka yake njiani, hakupunguza mwendo. Bega likaenda kushoto. Macho yakaenda kushoto. Bonde zima lingekwenda kushoto.

Wendelin aliuzungusha mpini kulia, chini, kwa nguvu zote alizobakiwa nazo.

Kilichosikika kilikuwa kama ukuni. Kibuyu kiliruka, kikapasuka, na maji yakanywewa na vumbi.

Walimpiga mpaka Digna alipomlalia juu akilia. Wangemuua, lakini mjumbe aliwazuia: damu ya ndugu isimwagike kabla ya vita, dawa itaharibika. Alijaza kibuyu kingine, akampa mtoto wa Kelestini, kijana mrefu aliyekuwa na ndevu za kwanza. Jeshi likaondoka likiimba.

Waliorudi, walirudi bila kuimba. Mtoto wa Kelestini hakurudi. Hakuna aliyekuja kumwambia Wendelin kwamba alikuwa mkweli. Kelestini alipita mbele ya nyumba yake kila siku bila kumsalimu, kana kwamba Wendelin ndiye aliyemchagua yule kijana. Kilichosemwa Ifakara ni kile kile cha siku ile: alimvunja mdogo wake goti kwa sababu ya ufito.

Askari walichoma ghala, njaa ikaingia, watu wakala mizizi. Baadaye akaletwa akida mwingine na pamba nyingine. Huyu naye alitaka tarishi. Aliwatazama wale ndugu wawili, mmoja anachechemea kulia na mwingine kushoto, akacheka, akawapanga mstari mmoja wa kupalilia.

Walipalilia wiki nzima bila neno. Siku ya saba Fulgensi aliegemea jembe.

"Kaka. Goti lako lingekuwa zima, ungenipiga?"

"Lingekuwa zima, nisingejua kama dawa ni uongo."

"Sikukuuliza hilo. Ungekuwa na ufito wako mkononi, halafu mimi nataka kwenda kufa. Ungenipiga, au ungenipisha?"

Wendelin alifungua mdomo. Mwaka mzima alikuwa ametafuta mtu mmoja tu wa kumsikiliza, na huyu hapa anangoja. Aliukumbuka ule mpini, na jinsi ulivyomtoka mikononi kwa wepesi.

"Palilia," alisema. "Msimamizi anakuja."

Fulgensi alimtazama kidogo, akainama, akaendelea kulima akimwacha nyuma.