Kimanga cha Wakesho

Mpaka leo nikimwona Gertrude akilamba vidole, nageuza uso. Wacha niseme kwa nini, maana hapa Sagalla ukinyamaza sana watu hudhani umekubaliana nao.

Gertrude ni mhudumu wa afya wa kijiji. Alipewa simu yenye maswali ya kuuliza watu nyumbani kwao, mmoja mmoja, kwa siri. Lakini mlima wetu unataka magoti, naye hakutaka kupanda nyumba hadi nyumba. Akatungoja kwenye foleni ya maji, mahali ambapo kila mtu lazima apite na mtungi wake, akawa anauliza kwa sauti ya mnadani. Je, umewahi kusikia sauti ambayo wengine hawaisikii? Wote wakasema hapana, haraka haraka, macho chini. Wakesho akasema ndiyo, mama yake marehemu humwita.

Foleni nzima ikageuka kumtazama. Wakesho ndiye mpishi wa nasari ya kanisa, anakosoma mwanangu Mulei, na tangu amzike mama yake ni kazi hiyo tu iliyokuwa ikimtoa kitandani. Kabla mitungi haijajaa, alishafanywa mwendawazimu. Eti ana mapepo. Eti iko siku atawatilia watoto sumu. Upuzi mtupu, na wanaousema ni watu wazima waliosoma.

Mimi nimeolewa hapa kutoka Ukambani, mdomo wangu wanaujua. Nilimpakia Wakesho kwenye bodaboda tukateremka hospitali Voi. Nesi alimsikiliza bila kukunja uso. Akatuambia watu wengi tu wenye akili zao husikia sauti, hasa wakiwa na msiba, na hiyo peke yake si wazimu. Kilichomtia wasiwasi ni vile Wakesho halali, amekonda, na haoni maana ya kuamka kesho. Hilo ndilo la kutibiwa, akasema, na asiachwe peke yake. Akampangia siku ya kurudi.

Nikampelekea Gibson, mwenyekiti wa wazazi, maneno hayo. Akanijibu kwamba hospitali haijui mambo ya roho, na mpishi lazima abadilishwe. Gibson huyu huyu, ambaye kila Jumapili hutuambia Mungu amemwamsha alfajiri akamnong'oneza. Yeye akisikia sauti anapewa maikrofoni, Wakesho akisikia ananyang'anywa mwiko. Nilitema mate mlangoni pake, na sijutii.

Mkutano wa wazazi ukaitwa pale kanisani. Na kwa kuwa hapa kwetu kuita watu bila kuwalisha ni aibu, wakamwambia Wakesho mwenyewe apike. Hawakuona haya. Akachemsha mihogo na maharagwe, akaponda kimanga laini, sufuria kubwa, kisha akaja kukaa kwenye benchi la mbele wamjadili. Gertrude akasema yeye hana ubaya na mtu, anawaonea watoto uchungu tu. Gibson akaomba wanaotaka mpishi abadilishwe wainue mikono. Ikainuka, hata ya Susan, ambaye Wakesho alimlelea mtoto alipokuwa amelazwa. Mimi mikono yangu nilikuwa nimeikalia, nisije nikampiga mtu.

Halafu wakala. Jamani, wakala. Wale wale waliokuwa wakihofia sumu dakika chache nyuma walipanga mstari na sahani mkononi, na Wakesho akawapakulia. Gertrude akarudi kuongezwa. Akakwangua pembeni mwa sufuria, akalamba vidole kimoja kimoja, akasifu kwamba kimanga kimeiva vizuri. Sahani yangu niliwamwagia kuku wa mchungaji.

Walipotawanyika tukabaki wawili, tukiosha vyombo. Ndipo nikamuuliza kitu ambacho tangu siku ile ya foleni hakuna aliyemuuliza, si Gertrude na simu yake, si Gibson na maombi yake.

"Kwani mama huwa anakuambia nini?"

Akasuuza sahani aliyoishika.

"Huniuliza kama nimekula, Mama Mulei. Tangu tumzike, ni yeye tu anayeniuliza."

Nikajifuta mikono, nikafunua sufuria nimpakulie. Hawakuwa wamemwachia hata kijiko kimoja.