Mbegu za Paipai kwa Ulimi wa Baba

…na tena zinaruka, hizi mbegu, unaweka kiganja kimoja kwa jiwe na nusu zinakimbilia chini ya meza kana kwamba zimeitwa interview, mimi mwenyewe nikiitwa siku hizi sikimbii, najua mwisho wake, we regret to inform you, hawasemi umekosa wapi, hata siku moja, wana-regret tu… pole pole Nelvine, usiponde, zungusha, hili jiwe kogo, mama yake Baba, alisagia wimbi mpaka akalichimba shimo katikati, krr, krr, weusi unapasuka unakuwa kijivu, na harufu inapanda, wacha, hii ni pilipili manga, karibu yote ni pilipili manga, kuna kitu kama haradali kwa nyuma lakini nani atajua, Baba hatajua, hiyo ndiyo plan, akijua ni mbegu za paipai atasukuma sahani vile alisukuma jana, vile amesukuma kila kitu tangu ile homa iondoke na ulimi wake, "Nakula gazeti," anasema, vijiko viwili anaweka chini, na shati inamning'inia kama ameazima… pilipili manga peke yake ndiyo alisema anaisikia, mbali, kama mtu anabisha gate ya jirani, Mama akamwaga mpaka mkebe ukaisha, nikaenda dukani Kapsoit, kile walichonipa kwa pakiti ni vumbi la barabara lenye barcode, nikarudi na hasira, na hasira ndiyo mtaji niko nao, hiyo na Second Class Upper ya Food Science, so nikachukua paipai za Beldina, jirani yetu, huwa analetewa kutoka Soin kwenye joto, yeye mbegu anarushia kuku, "Nyathina, mtoto wangu, hiyo ni chakula ya kuku," nikamwambia basi kuku wako wana bahati, nikaosha ule utelezi wote, nikatafuta jua la kuanikia, jua gani, hapa mvua ni ya majani chai, sisi wengine tunavumilia tu, nikaziweka kwa dari ya jikoni juu ya moto, kando ya sotet za Mama, vibuyu vyake vya mursik, maziwa ya kugandisha… Mama huyo anapita, amechota ile nimesaga kwanza na ncha ya kisu, "Nimwambie ni ya wapi?" Supermarket, Mama, Kericho town, "Mungu anisamehe," na anacheka kabisa… "Baba Nelvine, yai moja tu." "Weka hapo." …weka hapo, sauti ile ile ya kiwanda cha chai, koti jeupe, vikombe vya chai vimepangwa mstari, yeye na kijiko chake, ndiye aliyekuwa anaonja, halafu ule mvuto, sssrrp, nilikuwa mdogo nikacheka nikafukuzwa nje, anavuta, anatema, anasema hii ililala kwa gunia, hii ilichumwa kwenye mvua huko Boito, dereva aliyeleta majani anakataa, halafu dereva anakubali, na Okello wa boiler siku moja akabadilisha vikombe ili amshike, Baba akavuta, "Okello, hiki ni kile cha pili, na umekishika ukiwa na sabuni," Okello akanusa vidole vyake mbele ya watu… ulimi kama huo, niliketi chuo miaka minne nikionyeshwa sensory evaluation kwa projector na sikuwahi kuona kitu kizuri kama Baba akinyamaza na chai mdomoni, na leo ni mimi namdanganya, na paipai, lakini ale, adanganywe ale, nani amewahi kukonda kwa kudanganywa… krr… yai limeshuka ama limerudi sahanini… sssrrp… nani anavuta yai hivyo… "Mama Nelvine." "Eh." "Hii si pilipili manga." "Ni pilipili, kula." "Hii kitu imelala juu ya moto. Karibu na sotet." Mama hawezi uongo wa pili… "Na ndani bado ni mbichi. Mwambie huyo wa degree akaange kwanza, halafu asage. Ananifanya mimi mjinga?" …tumeshikwa, plan imekufa, nilikuwa naomba asijue, na hiki kitu kifuani si hasira, hasira naijua, moshi, amesikia moshi, hakuna mtu alimwambia dari, hakuna mtu alimwambia sotet, itoke wapi kama si kwa ulimi… na mbichi, ni kweli, ndiyo ile haradali, sikuikaanga, maofisi yote hayo na email zao, hakuna hata moja iliyoniambia kosa liko wapi, yeye na nusu yai ameniambia… kijiko kimegonga sahani, kimegonga tena, bado anakula, mkono wangu bado unazungusha, krr, krr, mbegu bado zinaruka, rukeni tu, sema ingine Baba, nitukane vizuri, iko na nini tena…